Karakana Ikitangulia Chuo: Uanagenzi wa Mwanza na wa Würzburg

Tangu 1966 Mwanza na Würzburg ni miji rafiki. Mmoja umejengwa juu ya mawe kando ya Ziwa Victoria, mwingine umezungukwa na vilima vya mizabibu kando ya mto Main, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Urafiki huo umezaa ziara na mafahamiano ya watu wengi. Lakini nadhani una faida moja ambayo sisi wa Mwanza hatujaitumia ipasavyo: unatuwezesha kuitazama miji miwili kwa pamoja katika swali linaloziumiza kichwa serikali zote mbili. Kijana afundishwe kazi gani, na nani, mahali gani, ili siku akimaliza akute kazi ipo?

Kwetu swali hili hujibiwa haraka mno. Husemwa mitaala ilingane na mahitaji ya soko la ajira, kana kwamba soko lina ofisi ambayo mkuu wa chuo anaweza kwenda kuuliza. Würzburg hawakuanza na swali hilo kabisa. Walianza na kazi iliyokuwa imekosa mafundi.

Mwaka 1814 Friedrich Koenig aliishangaza London, gazeti la The Times lilipochapwa kwa mara ya kwanza kwa mashine yake ya mvuke. Mwaka 1817 yeye na mwenzake Andreas Bauer waliingia katika nyumba ya watawa iliyokuwa imeachwa, huko Oberzell nje kidogo ya Würzburg, wakaanzisha kiwanda cha mashine za uchapaji. London walikuwa wamezungukwa na mafundi wa chuma. Oberzell watu waliokuwapo ni wakulima wa mizabibu. Basi waliwachukua hao hao, wakawapa tupa na mashine za kukereza, wakawafundisha kazi wakiwa ndani ya kazi. Shule ya kiwanda ilikuja 1868, nusu karne baada ya karakana, kuwapa wanagenzi yale masomo ambayo kelele za karakana haziruhusu. Kiwanda hicho kipo mpaka leo, na shule yake inahesabiwa miongoni mwa shule kongwe za namna yake Ujerumani.

Mpangilio huo, karakana kwanza na darasa baadaye, ndio uliokuja kuwa wa taifa. Huko Munich, mji mkuu wa jimbo hilohilo, Georg Kerschensteiner alizipanga upya shule za jioni za vijana tangu 1900 ili kila shule ifuate kazi ya mwanafunzi: mwashi na waashi, muoka mikate na waoka mikate. Sheria ya mafunzo ya kazi ya 1969 ikaufunga mfumo mzima. Kijana hatafuti kwanza nafasi chuoni. Anatafuta kwanza kampuni itakayotia naye saini mkataba wa miaka 3 hivi, akishaipata ndipo shule inampokea. Siku 3 au 4 za juma yuko kazini akilipwa posho, siku 1 au 2 yuko darasani. Mtihani wa mwisho hautungwi na mwajiri wake wala hautolewi na mwalimu wake peke yao. Unasimamiwa na chemba ya ufundi au ya biashara ya eneo lake, kupitia kamati ya mtihani ambamo waajiri, wafanyakazi na walimu wote wana viti.

Kwa hiyo idadi ya wanagenzi wa fani fulani ni idadi ya mikataba iliyotiwa saini na watu wenye kazi. Hakuna anayehitaji kuotea.

Mwanza tulipita njia iliyo kinyume. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 1974 iliweka kituo cha serikali mbele: kijana alipata mafunzo ya msingi kituoni, kisha akapelekwa kiwandani kuendelea kama mwanagenzi, huku akipanda madaraja ya majaribio ya ufundi, la tatu, la pili, la kwanza. Mwanza ya wakati huo ilikuwa na Mwatex ya nguo, kiwanda cha ngozi, karakana za reli na za meli. Kituo kilijua kinampeleka wapi mtu wake, kwa sababu kituo na kiwanda vyote vilikuwa mali ya umma.

Wapo wanaoudharau mpangilio huo leo, nami siwaungi mkono. Katika miji ya kikoloni karakana nyingi zilikuwa mikononi mwa watu wa jamii chache, na ufundi ulifuata undugu na kujuana. Nyumba kwa nyumba, baba kwa mwana. Kusubiri karakana iite ilikuwa sawa na kumwambia mtoto wa mkulima wa Kwimba asubiri milele. Chuo cha umma kilikuwa mlango ambao angeweza kuupita bila kumjua mwenye karakana. Aidha kilimfungulia mlango msichana, ambaye fundi wa mtaani hakuwa na wazo la kumpokea. Bavaria ya Koenig haikujiwekea deni hilo la usawa. Tanzania ya 1974 ilijiwekea, na ikajitahidi kulilipa.

Tatizo lilikuja pale mwenza wa chuo alipoondoka. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalibinafsishwa au yakafungwa, na mwaka 1994 ikaundwa kwa sheria mpya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Chuo cha VETA cha Mwanza kikabaki na karakana zake, walimu wake na wanafunzi wake, lakini kile kiwanda kilichokuwa kinampokea mwanafunzi mwaka wa pili hakikuwapo tena. Tangu hapo kijana humaliza sehemu yake darasani, kisha huzunguka mjini na barua mkononi akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Anayempokea hakuahidi kitu, hakutia saini kitu, na mara nyingi hajui mwanafunzi huyo anatakiwa kujifunza nini.

Wakati wote huo, ziwani uanagenzi uliendelea bila kumngoja mtu. Na ulikuwapo kabla ya wakoloni: wahunzi wa Kirongo wa Uzinza, ng'ambo ya pili ya ghuba, walirithishana ufundi wa kuyeyusha chuma na kufua majembe ambayo wafanyabiashara waliyachukua hadi Usukuma na Unyamwezi. Huo ni mfano wa ujuzi uliolingana na soko kwa namna ambayo mpango wowote wa serikali ungeuonea fahari. Jembe lilifuliwa kwa sababu kulikuwa na mkulima anayelingoja.

Tazama leo mialo ya Igombe au Kayenze, mahali mitumbwi ya mbao inapotengenezwa na kukarabatiwa. Kijana huanza kwa kushika ubao na kunyoosha misumari iliyopinda. Baadaye hupewa kalafati. Nyuzi za pamba hushindiliwa kwenye mwanya kati ya mbao mbili, nyundo ikigongwa kwa kipimo, kwa sababu ukigonga kwa nguvu ubao hupasuka, na ukigonga kwa woga chombo kitavuja kabla hakijaliacha ghuba. Juu ya mwanya hupigwa ukanda wa bati. Mkuku na mataruma hayaguswi na mwanafunzi mpaka fundi amwamini, na kuaminiwa huko hakuna tarehe. Hakuna mtihani. Siku moja mwenye mtumbwi atafika fundi akiwa hayupo, kijana atafanya kazi, chombo kitaingia majini, na kuanzia hapo watu watamwita fundi.

Huyu kijana wa mwaloni yuko karibu zaidi na mwanagenzi wa Würzburg kuliko alivyo mwenzake wa chuoni. Wote wawili wameanza na kazi halisi, wanamwona mteja, wanajua kosa linagharimu nini. Na idadi yao hufuata kazi: mitumbwi ikipungua, hakuna fundi atakayelisha wasaidizi 6. Lakini wanaachana katika mambo matatu mazito. Wa Würzburg anajua tarehe ya kumaliza, wa mwaloni hajui. Wa Würzburg hulipwa posho, na tangu 2020 sheria imeiwekea kiwango cha chini. Wa mwaloni hupata hela ya kula. Na wa Würzburg akihamia Hamburg, cheti chake kinasomeka kule kama kinavyosomeka nyumbani, ilhali wa Igombe akihamia Musoma inambidi aanze tena kushika ubao hadi watu wamjue.

Liko jambo la nne, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Uanagenzi wa mwaloni hulingana na soko la jana. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi jijini Mwanza boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki, kwa mikopo nafuu, kwa wavuvi wa kanda ya ziwa. Boti za fiber hazina kalafati. Zikipasuka zinahitaji resini, kitambaa cha nyuzi za kioo, kipimo sahihi cha kichanganyio, kivuli na ukavu, na barakoa ya kuzuia vumbi lisiingie mapafuni. Fundi bora kabisa wa mbao hawezi kumrithisha kijana kitu ambacho yeye mwenyewe hakukirithi. Hapo ndipo karakana inapomhitaji mwalimu, kama Oberzell ilivyomhitaji 1868. Kwenye dagaa mabadiliko ni yaleyale: karabai zimekuwa zikipisha taa za sola, na mwenye taa anamtafuta mtu anayeelewa betri. Kwenye vizimba, mfugaji anamtafuta mtu wa kupima hewa ya oksijeni iliyomo majini na kusoma ukuaji wa samaki, maarifa yaliyopo katika chuo cha uvuvi cha Nyegezi, tawi la FETA, wakala wa serikali wa elimu na mafunzo ya uvuvi.

Serikali ikisema mitaala ilingane na soko, mara nyingi macho huenda kwenye miradi mikubwa. Mwanza imeiona mingi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Meli ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, ya abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ilianza kujengwa 2021. Kila mradi ulihitaji wachomeleaji, wafunga nondo, waendesha mitambo. Lakini daraja lilijengwa kwa miaka 5 hivi, na ukihesabu muda wa kutambua hitaji, kuandika mtaala, kununua vifaa na kufundisha darasa la kwanza, utakuta wahitimu wanatoka chuoni mkandarasi akifunga virago. Würzburg nao wana miradi mikubwa, ila hawautumii mradi kuwa kipimo cha idadi ya wanagenzi. Kipimo chao ni kampuni ambazo zitakuwapo kesho, nyingi zikiwa ndogo, za watu chini ya 50.

Sisi pia tumewahi kufanya hivyo, na hatukwenda mbali. Mwaka 2009 kampuni za migodi, kupitia chemba yao, zilishirikiana na VETA kuanzisha huko Moshi mafunzo ya ufundi wa migodini. Waajiri ndio walioketi kuamua fundi wa mtambo ajue nini, wakachangia gharama, na vijana wakawa wanakwenda chuoni na mgodini kwa zamu. Geita, mkoa wa jirani, ni miongoni mwa mahali mafundi wa namna hiyo wanapohitajika. Ukiusoma mpango huo kando ya ule wa Bavaria, unafanana nao sana. Uliwezekana kwa sababu migodi mikubwa ni michache, inajuana, na ina chombo cha kuisemea. Sekta ya uvuvi ina maelfu ya wamiliki wa vyombo. Gereji za Mwanza nyingi zina fundi mmoja na wasaidizi wawili watatu. Nani awasemee hao?

Tozo haiwasemei. Nchini kwetu waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo iliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara na imekuwa ikishushwa hatua kwa hatua. Sehemu yake ndogo tu ndiyo iliyokuwa ikifika VETA. Kwa miaka mingi sehemu kubwa iligharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Anayewajibika kuilipa ni mwajiri mwenye watu 10 au zaidi. Ni huruma nzuri kwa mdogo, lakini ina tokeo lake: asiyelipa hana sauti. Kenya walichagua kiasi kidogo kinacholipwa kwa kila kichwa, shilingi 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na chombo chao cha NITA kina kituo Kisumu, kwenye ziwa hilihili. Uingereza tangu 2017 wanatoza nusu asilimia, kwa makampuni makubwa tu. Ujerumani haina tozo ya taifa zima ya namna hiyo. Kampuni hulipa kwa kumlea kijana wake yenyewe, na ndiyo maana inajali anajifunza nini. Kati ya njia zote hizo, sioni iliyo ya kudharauliwa, ila naona tofauti iliyo wazi: tozo inanunua mafunzo, mkataba unanunua uangalizi.

Kuhusu shahidi, yaani nani athibitishe kwamba kijana anaweza, majirani wa ziwa wameachana kwa namna inayovutia. Tanzania, VETA humpima fundi wa mtaani na kumpa cheti cha ngazi yake, na serikali imegharimia zoezi hilo kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, inayolipia pia uanagenzi wa miezi michache vyuoni. Uganda wana kijitabu kiitwacho Worker's PAS, ambamo ujuzi huandikwa moduli kwa moduli: huyu anajua kubadilisha breki, bado hajapimwa kwenye injini. Cheti chetu kina heshima ya ukamilifu. Kijitabu chao kina ukweli wa hatua. Kwa kijana wa fiber anayejifunza jambo jipya juu ya ufundi wa zamani, naona kijitabu kingemfaa zaidi, kwa sababu hakingemlazimisha kurudi mwanzo wa fani nzima ili kuthibitisha kitu kimoja.

Na mtaji? Hapa Ujerumani haitufundishi mengi, maana mhitimu wake huajiriwa. Wa kwetu hujiajiri, na wa Onitsha au Nnewi, kusini-mashariki mwa Nigeria, vilevile. Kwa Waigbo kijana humtumikia bosi wake kwa miaka kadhaa, akila na kulala kwake, na mwishoni bosi humtoa rasmi kwa kumpa mtaji au bidhaa za kuanzia duka lake. Desturi hiyo ilisaidia sana kuwainua tena baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1967 hadi 1970. Ina mianya, kwani yupo bosi anayezua kosa mwaka wa mwisho ili asilipe. Lakini imeona jambo ambalo VETA na Würzburg hazikuliona: kwamba mafunzo hayajakwisha mpaka mtu awe na kitu cha kuanzia. Kwetu nafasi hiyo imejazwa na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Inatolewa na ofisi isiyomjua kijana alipokuwa akijifunza, tofauti na bosi wa Onitsha aliyemwona kila siku.

Isidhaniwe kwamba Würzburg wamemaliza matatizo. Bavaria huwachuja watoto baada ya darasa la nne, wengine waelekee chuo kikuu na wengine ufundi, umri ambao kwetu mtoto bado anajifunza kuandika insha. Uchumi ukitetereka, kampuni hupunguza mikataba na vijana hubaki nje. Wasichana wao bado hujazana kwenye fani chache. Sera yetu ya elimu, toleo la 2023, inayoruhusu mkondo wa amali sekondari, imeusogeza uamuzi huo mbele kidogo, nami naona tumefanya vyema.

Ninachokitamani kutoka kwao ni ile chemba. Mwaloni tayari upo mfano wake. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inazitambua BMU, vikundi vya wananchi vinavyosimamia rasilimali za uvuvi, vikijua wavuvi na vyombo vya mwalo wao. BMU haijapewa kazi ya mafunzo. Ingepewa: ishuhudie mkataba kati ya fundi wa boti na kijana, wenye tarehe ya mwisho na posho iliyoandikwa, Nyegezi au VETA wakiwa upande wa tatu, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakiitwa pale vifaa vinapohitajika. Wakati wa mtihani, fundi kutoka mwalo mwingine aketi mezani pamoja na mwalimu.

Ratiba isinakiliwe kutoka Würzburg. Uvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa vyombo hupumzika, na hizo ndizo siku ambazo mafundi huelemewa na ukarabati. Kumtoa kijana kila Jumatano kwenda darasani kungemnyima siku za kujifunza zaidi na kumpa siku za kukaa bure. Wajerumani wenyewe, kwa fani ambazo siku moja kwa juma haizifai, hukusanya masomo kwa majuma mfululizo. Kwa Igombe na Kayenze, majuma hayo yangekuwa ya giza, vyombo vikiwa ziwani, na chuo kingefunga milango yake mbalamwezi ikianza ili wanafunzi wawahi mwaloni.